Ukubwa wa Mtutu Si Shabaha

Kila mara tembo wavamiapo mashamba ya mahindi, au nyati aliyejeruhiwa ampigapo mtu pembe njiani, husikika maneno yale yale: "Askari wa wanyama wapewe bunduki kubwa zaidi." Wasemao hivyo wana uchungu wa haki. Mtu aliyelima tangu mvua za kwanza, akapalilia kwa jasho lake, kisha akaamka asubuhi na kuona shamba lote limelazwa chini, hawezi kulaumiwa akitaka mzinga. Hata hivyo, uchungu si kipimo. Twaona yafaa tulitazame jambo hili kwa utulivu, tuwaeleze wasomaji wetu bunduki za wanyama wakubwa ni zipi, zatofautiana namna gani, na ni ipi imfaayo mtu ambaye kazi yake ni kusimama mbele ya tembo kwa niaba ya wengine.

Hatuandiki ili kumfundisha mtu yeyote kwenda porini kuwinda. Wanyama wa nchi ni mali ya taifa, na auaye mnyama pasipo kibali ni mwizi kama mwizi mwingine. Twaandika kwa sababu kuna wafanyakazi ambao uhai wao wategemea kitu kisichozidi urefu wa kidole cha kati. Wako askari wa wanyama waitwao usiku kufukuza tembo vijijini. Wako wafuata nyayo watanguliao mbele ya wageni wawindaji, mara nyingi bila silaha yoyote mikononi. Mgeni akikosea kulenga, yeye yu nyuma; aliye mbele ndiye akutanaye na mnyama mwenye jeraha na hasira. Kwa hiyo swali la bunduki ipi iliyo bora si swali la matajiri wapendao michezo. Ni swali la usalama kazini.

VIUNGO VYA RISASI

Risasi nzima ina viungo vinne. Kuna ganda la shaba ya manjano. Kuna fataki kwenye kitako cha ganda. Kuna baruti ndani yake. Na mbele kuna kichwa, ambacho ndicho kiendacho kwa mnyama. Mtu afyatuapo bunduki, fataki hulipuka, baruti huwaka na kugeuka hewa yenye nguvu kubwa, na hewa hiyo hukisukuma kichwa nje ya mtutu. Lakini hewa haisukumi mbele tu. Kwa kadiri isukumavyo kichwa kwenda mbele, ndivyo isukumavyo bunduki kurudi nyuma, begani mwa mpigaji. Hilo ndilo teke la bunduki. Wasomaji na walikumbuke, maana ndilo shina la maneno yetu yote ya leo.

Tarakimu za majina zisimtishe mtu. Bunduki iitwayo .375 ni ile ambayo kichwa cha risasi yake kina upana wa sehemu 375 katika elfu ya inchi moja, yaani milimita 9.5. Ile iitwayo .458 ni milimita 11.6. Ile ya .600 hupita milimita 15. Majina mengine ni ya kibiashara tu wala si kipimo kamili: .404 kwa kweli ina upana wa .423, na .470 ni .475. Nguvu ya risasi itokapo mtutuni hupimwa kwa jouli. Ili mtu apate picha, jouli kumi zatosha kuinua mzigo wa kilo moja hadi urefu wa mita moja hivi.

ZAMA ZA BARUTI NYEUSI

Wazungu walipoanza kuwinda tembo katika bara letu walikuwa na baruti nyeusi, ile yenye moshi mwingi. Baruti hiyo haiwezi kukipa kichwa cha risasi mwendo mkubwa. Njia iliyobaki ya kuongeza nguvu ilikuwa moja tu, nayo ni kuongeza uzito. Ndipo zikatokea bunduki zilizorusha mapande ya risasi yenye gramu 100 na zaidi. Samuel Baker, Mwingereza aliyesafiri nchi za mto Nile kati ya 1861 na 1865, alikuwa na bunduki iliyorusha kombora la nusu ratili, yaani gramu 230 hivi. Wenyeji waliomsindikiza waliiita kwa Kiarabu "mtoto wa mzinga". Baker mwenyewe aliiogopa, maana kila alipoifyatua ilimzungusha, na ni mara chache alizoithubutu.

Mwingine ni Frederick Selous. Jina lake twalijua sote, kwa kuwa pori kubwa la kusini mwa Tanzania liliitwa kwa jina lake tangu mwaka 1922, na mwaka 2019 sehemu yake kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Huyu aliuawa kwa risasi ya vita mahali paitwapo Beho Beho, tarehe 4 Januari 1917. Katika miaka ya 1870, akiwa kijana, alikuwa akiwinda tembo katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, kwa bunduki za kushindiliwa mdomoni zilizorusha tufe la gramu 113. Tembo aliwaua wengi. Lakini aliandika baadaye kwamba alijuta kuzigusa bunduki zile, kwa kuwa mateke yake yaliharibu mishipa yake ya fahamu, yakaiharibu na shabaha yake kwa miaka iliyofuata. Akageukia bunduki nyepesi zaidi.

Ushuhuda huo ni mzito. Hakuutoa mwoga wala mgeni wa pori, bali mtu ambaye wawindaji wa Kizungu walimheshimu kuliko karibu wote wa zama zake. Waswahili tumekwisha kusema kwamba mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Selous aliumizwa na bunduki yake mwenyewe kabla ya kuumizwa na tembo.

HOFU YA WATAWALA

Mwishoni mwa karne ya 19 ilipatikana baruti mpya isiyotoa moshi, ambayo kwa Waingereza iliitwa kordaiti. Baruti hii ilileta mapinduzi. Mwaka 1898 kampuni ya John Rigby ya London ilitoa risasi ya .450 Nitro Express, ambayo kichwa chake cha gramu 31 kilikwenda mita 655 kwa sekunde. Mpigaji aliweza sasa kuacha mizinga ya kilo nyingi na kubeba bunduki ya mitutu miwili ya kilo tano hivi, yenye kuingiza risasi ndani zaidi ya mwili wa mnyama kuliko mitufe yote ya zamani.

Hapo likatokea jambo ambalo wasomaji wetu watalifurahia. Mwaka 1907 serikali ya Uingereza ilipiga marufuku bunduki za .450 katika India na Sudani. Sababu haikuwa huruma kwa tembo. Watawala walichelea kwamba risasi au vichwa vya .450 vingeangukia mikononi mwa wananchi waliokuwa na bunduki za zamani za kijeshi aina ya Martini-Henry, zenye upana huohuo, wakazigeuzia kwa wakoloni. Basi watengenezaji wa London wakalazimika kubuni vipimo vingine vya karibu karibu: .465, .470, .475, .476. Hata leo mtu akisifu .470 Nitro Express, ambayo ndiyo iliyoenea kupita zote za ukoo huo, anasifu kipimo kilichopata nafasi yake kwa hofu ya mtawala mbele ya mtawaliwa. Kwa nguvu hasa, tofauti kati yake na .450 ni ndogo mno.

Wajerumani nao walikuwa na njia yao. Mwaka 1905 fundi wa Berlin, Otto Bock, alitoa risasi ya 9.3 x 62 iliyoweza kutumiwa katika bunduki ya komeo aina ya Mauser, yenye bei nafuu. Ilinunuliwa na walowezi wa makoloni ya Kijerumani ya Afrika, Tanganyika ikiwamo. Kichwa chake ni cha gramu 18.5 tu, lakini iliwaangusha tembo na nyati bila ya majivuno.

TARAKIMU KWA MFANO

Tusiseme kwa maneno matupu. Hizi hapa ni risasi zijulikanazo zaidi, kwa makadirio ya kawaida ya watengenezaji: uzito wa kichwa, mwendo wake kwa sekunde, na nguvu yake itokapo mtutuni.

.375 Holland & Holland, ya 1912: gramu 19, mita 775, jouli 5,800.

.404 Jeffery, ya 1905: gramu 26, mita 650, jouli 5,500.

.416 Rigby, ya 1911: gramu 26.5, mita 720, jouli 6,900.

.458 Winchester Magnum, ya 1956: gramu 32, mita 640, jouli 6,600.

.470 Nitro Express: gramu 32, mita 655, jouli 6,950.

.505 Gibbs, ya 1911: gramu 34, mita 700, jouli 8,300.

.577 Nitro Express: gramu 49, mita 625, jouli 9,500.

.460 Weatherby Magnum, ya 1958: gramu 32, mita 790, jouli 10,100.

.600 Nitro Express: gramu 58, mita 595, jouli 10,300.

Mtu asomaye orodha hii haraka atachagua ya mwisho. Tungekuwa twachagua mzigo wa kuinua, angekuwa na haki. Lakini na atazame tena. Kutoka .375 hadi .600, nguvu haijafika hata maradufu. Na ili bunduki ya .600 iweze kushikika begani, hutengenezwa ikiwa na uzito wa kilo saba hivi. Nani ataibeba tangu alfajiri hadi jua la utosi akifuata nyayo kichakani? Zamani jibu lilikuwa rahisi: ataibeba mchukuzi Mwafrika. Mwenye bunduki alitembea mikono mitupu, na hatari ilipotokea ghafula, silaha yake ilikuwa katika mikono ya mtu mwingine. Wako waliokufa kwa kusubiri kupokezwa bunduki.

Katika mwaka 1988 ilibuniwa hata .700 Nitro Express, yenye kichwa cha gramu 65. Hiyo twaitaja tu ili msomaji ajue kwamba hamu ya ukubwa haina kikomo. Ni kitu cha fahari kwa matajiri, na kazi ya porini haikuwa na haja nayo.

BELL NA TAYLOR

Ubishi wa bunduki kubwa na ndogo ni wa miaka mingi, na una mashahidi wawili mashuhuri.

Wa kwanza ni W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda pembe za ndovu Karamoja katika Uganda, na pia Kongo, mwanzoni mwa karne ya 20. Aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao aliwaua kwa bunduki ndogo ya .275, ambayo kichwa chake ni cha gramu 11 na nguvu yake jouli 2,750 tu. Aliwezaje? Bell alifanya jambo ambalo wenziwe hawakulifanya. Alichukua fuvu la tembo, akalipasua kwa msumeno, akatazama ubongo umekaa wapi. Fuvu la tembo ni kubwa kama pipa, lakini sehemu yake kubwa ni mfupa wenye vyumba vya hewa kama sega la nyuki. Ubongo wenyewe hauzidi mkate mkubwa, nao umejificha nyuma na chini. Kichwa cha risasi kikiupata, tembo huanguka papo hapo, kiwe kidogo au kikubwa. Kikiukosa, mpigaji amemkasirisha mnyama wa tani tano.

Shahidi wa pili ni John Taylor, mzaliwa wa Dublin, aliyewinda miaka mingi Msumbiji na nchi za jirani, na mwaka 1948 akatoa kitabu juu ya bunduki za Afrika. Taylor alikuwa na hoja ya busara. Alisema si kila mpigaji ni Bell, na si kila risasi hufika ubongoni. Je, ile iukosayo kidogo itamfanya nini mnyama? Akabuni hesabu ya kuzidisha uzito, mwendo na upana wa kichwa cha risasi, ili kupima kishindo kimpatacho tembo apigwapo kichwani. Kwa hesabu hiyo, bunduki ya Bell hupata 16 hivi, .375 hupata 40 na .416 hupata 57; .470 hufika 71, na .600 huruka hadi 150. Maana yake ni kwamba risasi kubwa ikikosa ubongo kwa vidole viwili humtia tembo kizunguzungu, na mpigaji akapata nafasi ya pili. Ndogo haimpi nafasi hiyo.

Twakubaliana na Taylor kwamba risasi ndogo mno ni hatari. Bell alikuwa hodari wa kipekee, tena tembo wa siku zake walikuwa bado hawajazoea mlio wa bunduki, na mara nyingi aliwakuta mahali peupe. Tumeona wenyewe balaa ya risasi ndogo katika mikono ya majangili. Risasi ya bunduki ya kivita ya AK-47 ina kichwa cha gramu 8 na jouli 2,000. Jangili humiminia tembo nyingi bila shabaha. Mmoja hufa, mwingine hukimbia na majeraha. Hesabu za tembo wa Tanzania zilizofanywa kwa ndege zilionyesha 109,000 hivi mwaka 2009, na 43,000 hivi mwaka 2014. Na tembo ajerauhiwaye na jangili leo ndiye amwuaye mkulima kesho.

Kwa sababu hiyo sheria huweka kipimo cha chini. Nchi nyingi za Afrika ziruhusuzo uwindaji wa wanyama wa hatari hutaka .375 au kipimo cha karibu yake. Zimbabwe, kwa mfano, imetaka upana wa milimita 9.2 na nguvu ya jouli 5,300 kwa tembo na nyati. Kenya yenyewe ilifunga uwindaji wa kitalii mwaka 1977, na hadi leo haijaufungua; Tanzania iliufunga mwaka 1973, ikaufungua tena 1978 kwa masharti.

Lakini Taylor huyohuyo, mwenye kupenda kishindo, aliisifu sana .375 kuwa ndiyo ifaayo kwa kazi nyingi kuliko zote. Watu wapendao kunukuu hesabu yake husahau neno hilo.

FUNZO LA .458

Wako watakaosema: basi tuchukue iliyo kubwa kidogo, ya bei nafuu, yenye komeo. Hilo ndilo Wamarekani walilofanya, na habari yake ina funzo.

Mwaka 1956 kampuni ya Winchester ilitoa .458. Bunduki za Kiingereza za mitutu miwili zilikuwa na bei isiyofikiwa na mtu wa mshahara, na kiwanda cha Kynoch kilichotengeneza risasi zake kilikuwa kikielekea kuziacha. Hii ya Marekani iliahidi nguvu ya .470 katika bunduki ya kawaida. Idara za wanyama za nchi nyingi za Afrika ziliipokea kwa mikono miwili. Lakini ili ganda liingie katika bunduki ya kawaida, lilifanywa fupi, na baruti ikashindiliwa ndani kwa nguvu. Baada ya risasi kukaa muda katika joto, baruti iligandamana kama sukari iliyoingia unyevu. Risasi nyingine ziliwaka vizuri, nyingine ziliwaka nusunusu. Mtu mbele ya nyati alifyatua akidhani ana jouli 6,600, kumbe alikuwa na pungufu mno.

Mmarekani mmoja, Jack Lott, aliumizwa na nyati Msumbiji mwaka 1959. Aliporudi kwao alifikiri sana, na mwaka 1971 akabuni .458 Lott, yenye ganda refu zaidi na nafasi ya kutosha ya baruti. Winchester nao walibadili baruti yao, na risasi za .458 za leo haziwi na aibu ile. Lakini funzo limebaki: nguvu iliyoandikwa katika karatasi si lazima iwe ndiyo nguvu iliyomo gandani.

Waingereza wa zamani walilijua jambo hili kwa upande mwingine. Kordaiti yao iliongeza nguvu jua lilipokuwa kali, na ganda lililotanuka kupita kiasi liliweza kukwama ndani ya bunduki. Ndiyo maana waliifanyia .470 na .416 maganda makubwa yenye mgandamizo mdogo, ili hata katika joto la bonde ganda litoke bila kushikwa. Ganda lililokwama ni kifo kwa mtu ambaye nyati yu hatua kumi mbele yake. Hakuna tarakimu ya jouli imsaidiayo hapo.

BEGA NDILO MIZANI

Sasa twarudi kwenye teke. Katika bunduki ya uzito wa kawaida, .460 Weatherby humpiga mwenyewe begani kwa nguvu zaidi ya maradufu ya .375. Mtu mwenye mwili hupigwa, husogea, huumia. Akiumia mara tatu, mara ya nne mwili wake hukumbuka hata kama yeye mwenyewe amesahau. Kabla ya kufyatua atafumba macho. Kidole kitavuta kwa ghafula badala ya kukaza polepole. Mtutu utashuka kwa upana wa unywele. Unywele mtutuni ni kiganja kizima kwenye mwili wa nyati. Tena baada ya mlio, mwenye .375 hupata upesi kurudisha macho yake kwa mnyama, akavuta komeo, akapiga tena. Mwenye mzinga bado yu katika kujitafuta.

Hapa ndipo hoja ya Taylor na ushuhuda wa Selous zikutanapo. Risasi nzito kidogo humpa mpigaji nafasi ya pili ikiwa amekosea kidogo. Lakini ikiwa uzito huohuo ndio umfanyao akosee sana, amepoteza zaidi ya alichopata. Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi, na ukubwa wa mtutu si shabaha.

Kwa hiyo twasema wazi. Kwa mtu apigaye mara chache, .375 yenye kichwa kigumu kisichopasuka ndiyo ifaayo. Hupita katika mfupa wa tembo, na mtu wa kawaida akifundishwa vema huimudu. Kwa mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kusimama kati ya mnyama na watu, .404 na .416 ni chaguo jema, kwani huongeza uzito bila kuvunja bega. Idara za wanyama za makoloni ya Afrika ya Mashariki na ya Kati ziliichagua .404 kwa muda mrefu, na hazikuichagua kwa urembo. Nayo .458 yafaa ikiwa risasi zake ni mpya na zimejaribiwa. Zile za .470 ni silaha nzuri za kichaka kizito, kwa kuwa mitutu miwili hutoa risasi mbili kwa upesi, tena kila mtutu una mtambo wake. Lakini bei yake si ya mfuko wa umma. Zilizopita hapo na zibaki kwa wenye fedha za kuchezea.

YAPASAYO KUFANYWA

Lililo muhimu zaidi halimo katika orodha ya bunduki. Askari wa wanyama apewaye risasi za kuhesabu za kazi, asipewe za mazoezi, amepewa fimbo yenye kelele. Akutanapo na tembo gizani ndipo anajifunza, na mwalimu wake ni mwenye meno ya pembe. Twaona kila mtu akabidhiwaye bunduki kubwa lazima apige shabaha mara kwa mara, mbele ya mkubwa wake, kwa risasi zilezile atakazotumia kazini. Risasi zilizozeeka ghalani zitumiwe katika mazoezi, wala zisipelekwe kijijini usiku. Chuo cha Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963 chini ya Kilimanjaro, kimekuwa kikifundisha mabwana nyama wa Afrika kazi ya uhifadhi. Elimu ya namna hiyo ndiyo bunduki ya kwanza.

Na mgeni ajaye kuwinda, akifika na bunduki ing'aayo ambayo yeye mwenyewe aiogopa, apelekwe kwanza mbele ya ubao wa shabaha, kabla hajapelekwa mbele ya nyati. Akishindwa kupiga mahali palepale mara tatu, aazimwe .375. Hasira yake ni nafuu kuliko jeneza la mfuata nyayo. Yule atanguliaye mbele na nyayo machoni mwake ana watoto nyumbani, na hakuna kanuni yoyote ya utalii imtakayo afe kwa ajili ya picha ya mtu mwingine.

Kwa wananchi wa vijiji vipakanavyo na mapori twasema pia: bunduki iwe ya mwisho. Uzio wa mizinga ya nyuki na kamba za pilipili umekwisha kuwarudisha tembo katika mashamba mengi, na tembo aliyerudishwa hana jeraha wala kisasi. Katika tamko lililotolewa Arusha mwezi wa Septemba 1961, Mwalimu Nyerere alilikubali jukumu la kuwatunza wanyama hawa kwa ajili ya watoto na wajukuu wetu. Jukumu hilo halimkatazi mkulima kulilinda shamba lake. Lamtaka yule aitwaye kumwua mnyama, pale isipokuwapo njia nyingine, aue kwa risasi moja iliyokwenda mahali pake.

Basi safari nyingine isikikapo sauti ya kutaka bunduki kubwa zaidi, na iulizwe kwanza: huyu askari alipiga shabaha lini mara ya mwisho, na kwa risasi ngapi? Jibu la swali hilo ndilo litakalookoa mashamba, tembo na watu.